Kabla ya Kurusha Skrini ya Simu Kwenye Laptopu Bila Waya

Anayetaka kurusha skrini ya simu yake kwenye laptopu mbele za watu, iwe darasani Chumbageni, kwenye kikao cha BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) pale mwalo wa Deep Sea au kwenye semina ya ukumbi wa kukodi Ngamiani, hapa Tanga, afanye kazi yake jana yake. Siku yenyewe hakuna muda. Watu wameshakaa, projekta inawaka, na simu inatafuta laptopu isiyoiona. Nimewasaidia wengi wakiwa wamekwama hapo, na karibu kila mara tatizo lilikuwa la kumalizwa nyumbani kwa utulivu, umeme upo na intaneti ipo.

Anza na simu, maana njia zenyewe hazifanani. Android nyingi hutumia Miracast, utaratibu wa kurusha skrini uliotolewa na Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni za Wi-Fi, mwaka 2012. Uzuri wake ni kwamba simu na laptopu zinaunganishwa moja kwa moja kwa mawimbi ya Wi-Fi, bila ruta na bila bando. Wi-Fi iwashwe tu pande zote mbili, hata kama hakuna mtandao wowote uliojiunga nao. Kwenye Samsung kitufe chake kinaitwa Smart View. Simu nyingine zinaandika Cast au jina la karibu na hilo, na mara nyingi utakikuta kwenye vile vitufe unavyovuta kutoka juu ya skrini. Ila si kila Android inayo Miracast. Pixel za Google hazina, zinarusha kwa Google Cast tu, njia ya Google ambayo Windows haiipokei yenyewe, kwa hiyo mwenye Pixel asipoteze jioni nzima kuitafuta Windows kwa njia hii. iPhone nayo inatumia AirPlay, njia ya Apple, na Windows haipokei AirPlay mpaka uiongezee programu kama AirServer. Mwenye MacBook Air au Pro ya mwaka 2018 na kuendelea, yenye macOS Monterey au toleo la baadaye, hahitaji kuongeza kitu.

Kwa kuwa laptopu nyingi ninazokutana nazo Tanga ni za Windows, nitakaa hapo zaidi. Tangu toleo la Windows 10 lililotoka mwaka 2020, programu ya kupokea skrini haiji tena ikiwa tayari ndani ya mashine. Unaiongeza mwenyewe: ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu iliyoandikwa Optional features, kisha chagua Wireless Display na usubiri ishuke. Inashuka kwa intaneti, na hapo ndipo watu wanapokwama ukumbini, kwa sababu bando limeisha au mtandao unasuasua. Kabla hata ya kuipakua, hakikisha mashine yenyewe inaweza. Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika netsh wlan show driver, kisha shuka taratibu mpaka mstari wa Wireless Display Supported. Ukikuta Yes, endelea. Ukikuta No, jaribu kusasisha draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya ndani ya mashine) za Wi-Fi na za picha, na isipobadilika fanya mpango wa waya mapema.

Programu ikishaingia, rudi kwenye mipangilio, upande wa System, fungua ukurasa wa Projecting to this PC. Usome wote, usiishie kubonyeza cha kwanza. Kuna mahali pa kuruhusu laptopu ionekane na vifaa vingine, na kuna mahali pa kudai namba ya siri. Namba hiyo iwashe. Ukumbi una simu nyingi, na kijana mmoja wa nyuma akibonyeza jina la laptopu yako kwa udadisi tu, ombi lake litatokea ukutani katikati ya maelezo yako. Jina lenyewe nalo libadilishe. Mashine nyingi zinaitwa DESKTOP zikifuatiwa na herufi na tarakimu zisizoeleweka, na zikiwa mbili chumbani hujui ipi ni yako. Kubadilisha jina kunadai kuizima na kuiwasha upya, sababu nyingine ya kulifanya jana yake.

Chini kwenye ukurasa huohuo kuna mpangilio ninaomwomba kila mtu autazame kwa macho yake mwenyewe: laptopu ionekane tu ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Kwa kawaida umewashwa. Maana yake ni kwamba unaweza kuwa na betri iliyojaa pomoni, programu imewekwa vizuri, simu nzuri, na bado simu isiione laptopu kwa sababu tu chaja imebaki kwenye begi. Na kwetu umeme unaweza kukatika dakika tano kabla ya kikao. Mwenye jenereta atawasha projekta, ila soketi ya karibu na meza yako huenda isiwe upande wa jenereta. Basi uzime mpangilio huo, kisha chomoa chaja na ujaribu kuunganisha kwa betri peke yake. Ukifanikiwa hivyo, umeshaondoa kikwazo kimoja kikubwa.

Kuhusu mtandao, wenye iPhone ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu AirPlay kwenda Windows inataka simu na laptopu ziwe kwenye Wi-Fi moja. Hoteli na kumbi nyingi zina Wi-Fi ya wageni iliyowekwa makusudi ili vifaa vya wageni visionane. Intaneti inafunguka kote kote, WhatsApp inaingia, lakini simu haiioni laptopu, na mtu anaishia kuilaumu programu. Dawa ni kuomba simu ya tatu itoe hotispoti, kisha iPhone na laptopu zote zijiunge hapo. Picha zinazorushwa haziendi kwenye intaneti kurudi, zinapita hapohapo chumbani, kwa hiyo kurusha kwenyewe hakuli bando. Kinachokula ni Windows, ambayo ikiona mtandao huanza kushusha masasisho yake kimyakimya. Uweke mtandao huo kuwa wa kulipia kwa kipimo, kwa Kiingereza chao Metered connection, la sivyo mwenye simu atakulalamikia kabla ya chai. Utaulizwa pia kama mtandao ni wa umma au wa binafsi: kwa hotispoti unayomjua mwenyewe chagua wa binafsi, maana ukiuita wa umma kinga ya Windows inaweza kuifungia simu njia. VPN ikiwepo, izime. Kwa upande wa Miracast angalia jambo moja tu: simu nyingi zikiwa zinatoa hotispoti haziwezi kurusha skrini wakati huohuo.

Sasa tuje kwenye heshima ya mtu, ambayo naiona nzito kuliko ufundi wote. Ukirusha skrini, unarusha kila kitu. Chukua mwalimu wa historia aliyepiga picha makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Anaikuza picha kwa vidole viwili ili wanafunzi waone vishimo vilivyobaki kwenye nguzo ya kaburi, mahali palipopachikwa vibakuli vilivyokuja kwa biashara ya bahari. Darasa limenyamaza, kila jicho liko ukutani. Ghafla juu ya nguzo linashuka bango la ujumbe: umepokea shilingi kadhaa kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kadhaa. Hawatakumbuka tena kaburi. Washa hali ya usinisumbue, na uingie ndani yake uhakikishe kuwa inaficha na mabango ya ujumbe, si kunyamazisha mlio peke yake. Simu za kupigwa nazo zizuie, hata za nyumbani. Picha utakazoonyesha ziweke kwenye albamu yake, uifungue kabla ya kuunganisha, ili watu wasipite kwanza kwenye picha za watoto, za vyeti na za mama akiwa hospitalini.

Kuna na vitu visivyokubali kurushwa kabisa. Mweka hazina wa kikundi cha wavuvi anaweza kutaka kuonyesha salio la kikundi moja kwa moja kutoka kwenye programu ya benki, akasikia mzee wa mstari wa mbele akisema, "Mwanangu, mbona huku ni weusi mtupu?" Programu nyingi za benki huzuia skrini yake kunakiliwa, na nyingi za hizo hazikubali hata kupigwa picha ya skrini. Filamu za kulipia nazo ni hivyohivyo. Kwa hesabu za kikundi, chapisha taarifa ya akaunti uende nayo mkononi.

Mengine ni madogo. Ongeza muda wa skrini kabla haijajizima, zima hali ya kubana betri, na ruhusu skrini igeuke kwa sababu picha ya kulala inajaza ukuta vizuri zaidi. Sauti kwa kawaida huhamia kwenye laptopu, kwa hiyo spika iunganishwe huko. Utaona pia picha ikichelewa kidogo nyuma ya kidole chako. Kwa picha na maandishi haina neno, ila video ndefu inakili kwenye laptopu uichezeshe humo.

Na usiende bila waya wa USB, hata kama kila kitu kimekubali nyumbani. Kwa Android kuna scrcpy, programu ya bure inayoonyesha skrini ya simu kwenye laptopu kwa waya huo, kuanzia Android 5. Inataka uwashe USB debugging kwanza: gusa namba ya toleo la programu (Build number) mara saba kwenye mipangilio ya simu ili menyu ya wasanidi (Developer options) ifunguke, uwashe humo, kisha ukirudi nyumbani uizime.

Ukifika ukumbini jaribu ukiwa umesimama pale utakaposimama wakati wa kuzungumza, mlango ukiwa umefungwa. Halafu jifunze kitufe cha kukata kiko wapi, ukibonyeze mara mbili tatu mpaka kidole kikizoee, kwa sababu kikao kikiisha watu watakuzunguka kwa maswali na wewe utafungua WhatsApp bila kufikiri.