Jinsi ya Kuandaa Clapping Music kwa Watu Wawili

Kwaya ya shule au kikundi cha ngoma cha Mtwara au Lindi kisicho na kinanda wala kipaza sauti kinaweza kuufanyia mazoezi utunzi uitwao Clapping Music. Mmarekani Steve Reich aliutunga mwaka 1972 akitaka kazi isiyohitaji chombo chochote isipokuwa mwili wa binadamu. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwenda Ghana kujifunza kupiga ngoma, na nadhani mtu aliyekulia jirani na sindimba hatausumbukia sana mdundo wenyewe. Kitakachomsumbua ni utaratibu wake.

Mdundo una mapigo 12 yaliyo sawa kwa urefu, 8 ya makofi na 4 ya kimya. Uimbeni kwanza kwa mdomo, kofi likiwa "pa" na kimya kikiwa "mm": pa pa pa mm, pa pa mm, pa mm, pa pa mm. Mikono isubiri mpaka mdomo uzoee.

Mpigaji wa kwanza huurudia mdundo huo tangu mwanzo hadi mwisho bila kubadili chochote. Wa pili huanza pamoja naye, na baada ya marudio 12 hulitoa pigo la kwanza na kulipeleka mwisho, hivi: pa pa mm, pa pa mm, pa mm, pa pa mm, pa. Baada ya marudio mengine 12 huhama tena kwa njia hiyo hiyo, hata ifikapo mara ya 12 wakutane walipoanzia. Katika mazoezi ya mwanzo, marudio manne kwa kila hatua yanatosha.

Kuhama huko kuwe kwa mara moja, bila kuongeza mwendo. Kosa la kawaida ni mpigaji wa pili kuhesabu "moja" kila yanapokuja makofi matatu mfululizo, ilhali "moja" yake inapaswa kubaki pale pale ilipo ya mwenzake. Ili asipotee, mtu wa tatu apige kopo kwenye pigo la kwanza tu, kisha aondolewe wakishazoea. Nafasi ya kwanza, ambayo wengi huidharau, ningempa mtu asiyeyumbishwa kirahisi hata kama si hodari, kwa kuwa aliyezoea kuitikia ngoma ya mwenzake huvutwa bila kujijua.

Viganja vinaweza kukunjwa kidogo au kunyooshwa, mradi wote wawili watoe mlio mmoja, usiotambulisha nani amepiga lipi. Jasho la pwani huugeuza mlio, hivyo kitambaa kiwe karibu. Ukumbi wa kuta tupu na bati huyachanganya makofi kwa mwangwi. Chini ya mkorosho kila kofi husikika peke yake.

Wakikutana tena, wamalize marudio ya mwisho kwa mwendo ule ule, na kofi la mwisho liangukie pigo la 11.