Somo: Kipi kinatangulia chini, kizito au chepesi?

Wengi humaliza shule wakiamini bado kwamba kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Kukariri kanuni hakuitoi imani hiyo, majaribio huitoa. Tafuta daftari lenye jalada gumu na karatasi mbili ndogo kuliko jalada hilo.

Kwanza, shika daftari mkono mmoja na karatasi mkono wa pili, vyote vimelala bapa usawa wa kifua, uviachie kwa pamoja. Karatasi itapepea na kuchelewa.

Pili, ifinye karatasi hiyohiyo iwe kidonge kigumu, urudie. Safari hii vinafika karibu sawia. Hapa tulia kidogo: uzito wa karatasi haujabadilika hata chembe. Kilichopungua ni eneo linalokinzana na hewa.

Tatu, laza karatasi ya pili juu ya daftari, bila gundi, uliachie daftari. Vitashuka pamoja.

Sasa hesabu. Kitu cha kilo 1 huvutwa na dunia kwa nyutoni 9.8 hivi (nyutoni ni kipimo cha kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma). Cha kilo 2 huvutwa kwa nyutoni 19.6, ila nacho ni kigumu mara mbili kukiongezea mwendo. Gawanya kani kwa tungamo, yaani zile kilo: kote unapata 9.8. Kama hakuna hewa, liwe tofali au kokoto, kila sekunde mwendo huongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde.

Swali: Hatua ya tatu, si daftari ndilo linaloivuta karatasi?

Jibu: Daftari huikinga karatasi na hewa ya mbele, na hewa inayofuata nyuma yake huweza kuikandamiza. Kwa hiyo hatua hiyo peke yake haitoshi. Ushahidi safi ulitoka mwezini, kusiko na hewa: tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo ya kilo 1.32 na unyoya wa kozi wa gramu 30 mbele ya kamera. Vilitua pamoja.

Swali: Mbona kwenye video vinashuka polepole?

Jibu: Graviti ya mwezi, yaani mvutano wake, ni kama moja ya sita ya yetu. Kutoka mita 1.6, hapa kitu hutumia takriban sekunde 0.6, kule ni sekunde 1.4.

Swali: Nikirusha jiwe mlalo, na mwenzangu akadondosha lake wakati huohuo?

Jibu: Yakitoka kimo kimoja juu ya uwanja tambarare, yatagusa ardhi pamoja. La kwako litatua mbali zaidi, basi.