Bomba linapita shambani? Usisaini kabla hujahesabu miti

Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi unaotwaliwa kwa ajili ya bomba, una upana wa mita 30. Kwetu Muheza mita hizo zilichukua mistari mitatu ya michungwa ya baba. Niliyoyaona siku ya uthamini wa fidia ndiyo haya.

Siku moja kabla ya uthamini tembea shambani na daftari. Hesabu mti mmoja mmoja, mkubwa kando, mche kando, halafu piga picha. Mthamini akija, fuatana naye mpaka kigingi cha mwisho. Kabla ya saini soma fomu kwa sauti, maana kinacholipwa ni kilichoandikwa. Baba alikuta michungwa mikubwa sita imeandikwa kama miche. Wakairekebisha palepale kwa sababu daftari lilikuwa mkononi. Kisha chukua nakala.

Wewe uliyekodi shamba, hapa ndipo panapoumiza. Ardhi ni ya mwenyewe, lakini mihogo uliyoipanda ni yako na inastahili fomu yenye jina lako. Binamu yangu alikuwa amekodi kipande kwa baba kwa maneno matupu, na siku ile alikwenda mnadani. Mihogo yake ikaandikwa kwa jina la baba, na tulikaa vikao vitatu vya ukoo kuigawa ile fedha. Andikianeni, hata karatasi moja, mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Mke naye jina lake liwemo.

Fidia haiishii kwenye ardhi na mazao. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinataja posho ya usumbufu, faida iliyopotea, na kwa anayehama nyumba, usafiri wa tani 12 hadi kilomita 20 na posho ya makazi ya miezi 36. Uliza kila moja kwa jina lake. Sheria ya Uthamini ya 2016 nayo inataka ulipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe. Ikizidi hapo, dai riba.

Ukishatangaziwa tarehe ya ukomo, usipande mti mpya ndani ya mkuza, hautahesabiwa. Lakini msimu wako wa mahindi usiupoteze bure: waulize wenye mradi kwa barua kama unaruhusiwa kulima mpaka siku ya kupisha, na jibu lao lihifadhi pamoja na nakala ya fomu.