Namna ya kuandika ubao wa siku ya mwisho ya Bundesliga

Kwetu Katuba, Lubumbashi, chumba cha video kina televisheni moja na ubao mmoja. Televisheni ni ya mwenye chumba. Ubao ni wangu. Siku za kawaida naandika mechi na saa, basi. Lakini siku ya mwisho ya Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, mechi zinachezwa zote kwa pamoja, na televisheni inaonyesha moja tu. Hapo ubao ndio unaosema nani bingwa, na ukiuandika vibaya watu watakuzomea.

Mimi nilijifunza kwa kuzomewa, Jumamosi ya 27 Mei 2023. Nitaitumia siku hiyo kama mfano.

Kwanza saa. Mechi zote tisa zilianza saa tisa na nusu alasiri, kwao na kwetu sawasawa, kwa sababu majira ya joto Wajerumani husogeza saa mbele. Wakati wa baridi yao sisi tunawatangulia kwa saa nzima, kwa hiyo mwezi wa kwanza usifungue mlango mapema ukakaa na benchi tupu.

Usiku wa kuamkia mechi chora msimamo, ila usiandike timu zote 18. Andika zile ambazo bado zina jambo. Juu zilikuwa mbili: Dortmund pointi 70, Bayern 68. Katikati Union Berlin na Freiburg, zote 59, zikigombea nafasi ya nne. Chini Augsburg 34, Stuttgart 32, Bochum 32, Schalke 31. Hertha walikuwa wameshashuka, usiwapotezee chaki.

Kila timu ipe vyumba vitatu ubaoni: pointi za asubuhi, tofauti ya magoli (ya kufunga ukitoa ya kufungwa), na pointi za sasa hivi. Hiki cha tatu ndicho roho ya ubao. Kanuni yake: jifanye refa amepuliza kipenga cha mwisho dakika hii. Anayeongoza mwongezee tatu, aliye sare moja, anayepigwa mwache alivyo. Goli likiingia popote, futa chumba hicho tu, kwa kitambaa kikavu. Kibichi kinageuza ubao kuwa uji.

Kosa langu siku ile ni kwamba niliandika magoli peke yake. Na chumba cha tofauti nilikifuta asubuhi ili nipate pa kuweka bei ya soda.

Chumba cha video kilikuwa kimejaa mashabiki wa Dortmund. Dortmund, wakiwa nyumbani, walihitaji kuwafunga Mainz, jambo lililoonekana jepesi. Dakika ya 15 Mainz wakafunga. Dakika ya 19 Sébastien Haller wa Dortmund akapiga penati, kipa wa Mainz, Finn Dahmen, akaidaka. Dakika ya 24 ikawa mbili bila. Kule Köln, Coman alikuwa ameshawafungia Bayern tangu dakika ya 8. Ubao wenye akili ungesema: Bayern 71, Dortmund 70. Dakika ya 69 Guerreiro akarudisha moja, watu wakaruka, lakini chumba cha tatu hakibadiliki kwa goli kama hilo. Wa 1-2 na wa 0-2 wote wamepigwa.

Sasa sikiliza hapa. Dakika ya 81 Köln walisawazisha kwa penati. Bayern 68 na moja, 69. Dortmund bado wanapigwa nyumbani, wana 70 zao. Maana yake Dortmund walikuwa mabingwa huku wakipigwa! Mimi nikaandika tu «Köln 1, Bayern 1», nikaketi. Mzee mmoja mwenye skafu ya njano akatazama ubao, akatazama televisheni, akasema «imekwisha hii», akatoka. Alikuwa bingwa wa Ujerumani wakati anavuka barabara. Dakika ya 89 Musiala akafunga, Bayern wakarudi 71.

Ndipo Süle wa Dortmund akasawazisha dakika ya 96, mbili kwa mbili. 71 kwa 71. Kelele zilizopigwa! Nusu ya chumba wakaniuliza mimi nani bingwa, na jibu nilikuwa nimelifuta kwa ajili ya soda. Ujerumani pointi zikilingana wanatazama kwanza tofauti ya magoli: Bayern walimaliza na 54, Dortmund 39. Wengine wakadai itazamwe mechi zao wenyewe kwa wenyewe, kama Hispania. Hata hivyo wangekosa, kwani Dortmund walitoka sare ya 2-2 kwao na kupigwa 4-2 kule München.

Kwa hiyo uwe na msaidizi. Mmoja ashike simu, asome goli na dakika kwa sauti, mwingine aandike. Mtu mmoja akifanya yote mawili atabaki akitazama mpira. Tena msomaji asiwe shabiki wa timu inayogombea. Mwaka huo wangu alikuwa wa Dortmund, na baada ya penati ya Haller alinyamaza robo saa nzima.

Kona ya chini usiidharau. Huku kwetu wengi walikuja kwa ajili ya Silas Katompa, mtoto wa Kongo, aliyekuwa Stuttgart. Asubuhi Stuttgart walikuwa juu ya Bochum kwa tofauti tu. Bochum wakawapiga Leverkusen 3-0, Stuttgart wakatoka 1-1 na Hoffenheim, wakaangukia nafasi ya 16. Wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, lakini wa 16 anacheza mechi mbili zaidi na wa tatu wa daraja la pili. Kwa hiyo kona hiyo usiifute Jumamosi.

Mimi niliiacha hadi 5 Juni. Stuttgart walikuwa wamewapiga Hamburg 3-0, wakarudia 3-1 kwao huko. Hapo ndipo nikachukua kitambaa, nikaandika bei ya soda.