Mtihani wa mantiki ya lugha: mwongozo kwa walio ng'ambo wanaoomba kazi Nairobi

Ukiomba kazi Nairobi ukiwa Leeds, Doha au Minneapolis, usishangae kitu cha kwanza kutoka kwa mwajiri kikiwa linki ya mtihani. Benki, makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu na mashirika ya kimataifa huchuja waombaji kwa njia hiyo. Sehemu ya hesabu watu huiogopa, kwa hiyo huifanyia mazoezi. Ya lugha, yaani verbal reasoning, huidharau: Kiingereza wamekisoma tangu chekechea, na huko waliko wanakizungumza kutwa. Kisha wanaanguka na hawajui kilichowaangusha.

Msamiati hauna kazi kubwa hapo. Unapewa kifungu cha aya moja au mbili, kauli chini yake, na vitufe vitatu: True, False na Cannot Say. Hapa tutaviita kweli, si kweli na haijulikani. Unaamua kwa kutumia kifungu peke yake. Uzoefu wako kazini, habari za jana na digrii yako ya uchumi, vyote vinabaki mlangoni. Ndiyo maana anayeijua mada vizuri ndiye hujikwaa kirahisi, na mada ikihusu nyumbani mtego huwa mkubwa zaidi.

Chukua kifungu hiki, kilichotungwa kwa ajili ya zoezi tu:

"Wafanyabiashara wengi wadogo wa Nairobi hupokea malipo kwa simu. Baadhi yao wanasema mauzo yao yamepanda tangu waanze kufanya hivyo. Benki kadhaa hutoa mikopo midogo kupitia simu, lakini si kila mfanyabiashara anayelipwa kwa simu hukubaliwa kupata mkopo huo."

Kauli ya kwanza: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Mkono wa Mkenya unakimbilia kweli, na ni kweli huduma hiyo ilizinduliwa Machi 2007. Jibu ni haijulikani. Kifungu hakijataja M-Pesa wala mwaka wowote.

Ya pili: kupokea malipo kwa simu kumepandisha mauzo ya baadhi ya wafanyabiashara. Soma tena pole pole. Kifungu kimeandika "wanasema", kisha "tangu". Hakuna mahali kiliposema mauzo yalipanda kwa sababu ya simu. Labda kumefunguliwa stendi mpya ya matatu karibu na vibanda vyao. Haijulikani.

Ya tatu: kila mfanyabiashara anayelipwa kwa simu hukubaliwa kupata mkopo. Hili kifungu kimelikana waziwazi. Si kweli.

Ya nne: wafanyabiashara wote wadogo wa Nairobi hupokea malipo kwa simu. Hapa watu hubonyeza si kweli, kwa hoja kwamba wengi si wote. Lakini aliyesema "wengi" hajakana kwamba huenda ni wote. Kama kifungu hakina maneno kama "ingawa si wote", jibu ni haijulikani.

Alama nyingi hupotelea hapo, kati ya si kweli na haijulikani. Jizoeze maswali mawili kwa mpangilio. Je, kifungu na kauli vinaweza kuwa sahihi kwa pamoja? Kama haviwezi, bonyeza si kweli. Kama vinaweza, uliza tena: je, kauli inaweza kuwa ya uongo huku kifungu kikibaki sahihi? Ikiweza, haijulikani, isipoweza, kweli. Mwanzoni yatakuchosha. Baada ya vifungu ishirini hivi utakuwa unayauliza bila kujua.

Kuhusu muda, jua kwanza unafanya mtihani wa nani, kwa sababu mwendo hutofautiana sana. Jina la kampuni iliyoutengeneza huwa kwenye barua pepe ya mwaliko au kwenye anwani ya linki. Mtihani uliozoeleka wa kampuni ya SHL una maswali 30 kwa dakika 17 hadi 19, yaani chini ya sekunde 40 kwa swali, kusoma kifungu kukiwemo. Watson-Glaser, mtihani wa kupima hoja unaopendwa na makampuni ya mawakili Uingereza, una maswali 40 kwa dakika 30. Wenye uraia wa nchi za Umoja wa Ulaya wanaoomba kazi za umoja huo hupewa maswali 20 kwa dakika 35. Hapo muda upo, lakini majibu ya kuchagua ni manne na yanafanana mno. Mtihani wa lugha wa utumishi wa umma wa Uingereza hauna kikomo cha muda kabisa, na maswali yake hupanda au kushuka ugumu kulingana na unavyojibu.

Watson-Glaser una jambo lake. Sehemu yake moja ina ngazi tano, kutoka hakika ni kweli hadi hakika si kweli, na taarifa hazitoshi iko katikati. Huko maarifa ya kawaida, yale ambayo karibu kila mtu anayo, yanaruhusiwa. Anayeingia na kanuni ya kifungu peke yake atajaza "taarifa hazitoshi" kila mahali na kukosa.

Wiki mbili za maandalizi zinatosha kwa mtu anayesoma Kiingereza bila shida. Wiki ya kwanza usiwashe saa. Fanya vifungu vitatu kwa siku, na kwa kila kauli andika kwenye daftari neno au sentensi iliyokupa jibu. Ukikosa hiyo sentensi, hilo lenyewe ni dalili ya haijulikani. Makosa yaandike kwa aina yake: ulileta ujuzi wa nje, ulichanganya baadhi na wote, uligeuza mfuatano wa matukio kuwa sababu, au ulipitwa na neno la kukanusha. Ukifika siku ya tano utaona aina moja inajirudia. Hiyo ndiyo ya kushughulikia; nyingine ziache.

Wiki ya pili washa saa, fanya mtihani mzima siku moja na siku inayofuata upitie makosa. SHL ina mazoezi ya bure kwenye tovuti yake. Yakikuishia, chukua tahariri ya Daily Nation au The EastAfrican, kata aya moja, uitungie kauli tatu: moja kweli, moja si kweli, moja haijulikani. Kutunga hiyo ya tatu ni kazi ngumu, na mtu akiweza kuitunga hakamatwi nayo tena.

Wakati wa mtihani wenyewe soma kifungu mara moja kwa haraka, upate tu kila jambo liko wapi, kisha nenda kwenye kauli na urudi kwenye sentensi husika. Kauli ikikushinda, kisia usonge mbele, isipokuwa maelezo yanasema jibu lisilo sahihi linakatwa alama. Angalia pia kama kuna kurudi nyuma. Mitihani mingi inayobadilika ugumu haina. Matokeo nayo usiyasome kama asilimia ya majibu sahihi. Mara nyingi hukulinganisha na kundi: ukiambiwa uko kwenye 60, umewapita watu 60 kati ya kila 100 wa kundi hilo.

Saa huwaponza watu kizembe kabisa. Nairobi ni saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC) mwaka mzima, haibadiliki. London hubadilika, kwa hiyo tofauti ni saa tatu majira ya baridi na mbili majira ya joto. Linki inayofungwa Nairobi 23:59 mwezi wa Januari inafungwa 20:59 London na 15:59 Toronto, ukiwa bado kazini. Doha na Riyadh hazina tofauti na nyumbani.

Ukija likizo ya Desemba na linki ikakukuta Nairobi, usiifungue kwenye simu, wala kwenye wifi ya mkahawa. Tumia laptopu yenye chaji kamili. Stima ikipotea, ruta ya faiba huzima nayo, kwa hiyo weka bando la kutosha kwenye simu na ujaribu hotspot kabla ya kuanza. Zima VPN. Laptopu ya kazini huwa na vizuizi vinavyoweza kukata mtihani katikati, afadhali uazime ya binamu. Kama kuna usimamizi wa kamera, andaa pasipoti na chumba chenye mlango unaofungwa, na wenye nyumba waambiwe mapema. Mtandao ukikatika, piga picha ya skrini, kisha andikia idara ya ajira papo hapo ukitaja jina la mtihani, saa ya Nairobi na swali ulilofikia. Ukiandika siku ya pili, utaonekana unatafuta kisingizio.

Mwenye shida ya kusoma kama disleksia aombe muda wa ziada kabla ya kubonyeza kuanza. Uingereza haki hiyo inalindwa na sheria ya usawa ya 2010. Kwa mwajiri wa Nairobi uliza kwa barua pepe ili kuwe na maandishi.

Kununua majibu yanayouzwa Telegram na WhatsApp ni kutupa pesa. Maswali huchotwa kwenye hazina kubwa na kila mtu hupata yake, na waajiri wengi hurudia mtihani mfupi ofisini ukifika hatua ya mwisho. Ukiambiwa ulipe ili ufanye mtihani wa kazi ya Umoja wa Mataifa Gigiri, huo ni utapeli: umoja huo hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri.

Ukikataliwa, omba ripoti ya matokeo yako. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako zilizohifadhiwa, na Uingereza kuna haki kama hiyo. Barua ya mistari mitatu inatosha: jina lako, kazi uliyoomba na tarehe ya mtihani.