Somo: Kuchota sampuli ya gesi asilia bila kuiharibu njiani

Tangu nirudi Lamu kutoka kwenye mitambo ya gesi Tanzania, vijana wa ufundi hawaniachi nipumzike. Haya, kaeni.

Gesi ya bombani ni mchanganyiko. Methani ndiyo nyingi, kisha ethani, propani, butani na nyinginezo nzito zaidi. Ikipoa, zile nzito hugeuka majimaji na kubaki njiani, na maabara hupima gesi ambayo bombani haimo.

1. Chota juu ya bomba, kwa mrija uliofika theluthi ya katikati. Ukutani hutambaa majimaji na uchafu.

2. Chupa iwe ya chuma cha pua, kavu, yenye vali pande zote mbili. Gesi ikiwa moto kuliko chupa, ipashe chupa kwanza. Ukishuku salfidi ya haidrojeni, tafuta chupa yenye utando ndani, maana chuma kitupu huimeza. Na uvae kipimo chake kifuani: gesi hiyo huua.

3. Fungua vali ya bomba kidogo, iteme kutu. Kisha unga chupa ikiwa wima, gesi iingilie juu.

4. Mkia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chini ya chupa unga neli ya kama mita moja, na vali ndogo mwishoni. Gesi hupoa inaposhuka presha, takriban nusu digrii ya Selsiasi kwa kila bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Sasa piga hesabu ya bomba la bar 70. Ukiwa na mkia, barafu itaota kwenye vali ya mwisho, mbali na chupa. Siku yangu ya kwanza niliachia gesi shingoni mwa chupa kwa pupa. Chupa ikatoka jasho kama soda ya friji, nikaambiwa mwaga, anza upya.

5. Funga mkia, chupa ijae. Funga bomba, mwaga taratibu kupitia mkia. Rudia. Mwongozo wa GPA 2166, wa chama cha wasindikaji gesi cha Marekani, unataka mara 3 presha ikizidi psi 500 (bar 1 ni kama psi 14.5), mara 4 kati ya 150 na 500. Ikiwa psi 15 hadi 29, mara 13. Mkono utachoka, usiibe hesabu. Jaza mara ya mwisho, funga vali ya chini ya chupa, ya juu, kisha bomba.

6. Paka povu la sabuni kwenye vali, tia vifuniko, andika presha, joto, saa na mahali.

Maswali

Kijana wa Mokowe: Maalim, kama sina neli ya mkia?
— Subiri uipate.

Kijana wa Shela: Njia hii yafaa kwa mtungi wa jikoni?
— Hapana, mwanangu. Mtungi unaoletewa na punda una propani na butani katika hali ya majimaji. Uchotaji wake ni somo jingine.

Kijana wa Faza: Ami, tope la mikoko hutoa mapovu ukilikanyaga. Ni gesi kama ya kisima cha Mbawa, kilichokuta gesi baharini 2012?
— Yaelekea ni majani yanayooza. Jaza chupa ya kioo maji, igeuze juu ya faneli humo humo majini, koroga tope kwa upondo. Mapovu yatasukuma maji nje; ziba chupa ingali majini. Gesi ya kuoza haina propani ya kutajika. Maabara ikiikuta nyingi, huenda ni gesi kama ya Mbawa: nipigie simu hata usiku. Na sigara uiache nyumbani.