Somo: Pima kamari yako kwa taarifa ya simu

Miaka minne nilikaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu Mbagala, na mwaka wa mwisho nikala floti ya bosi, yaani hela ya kuendeshea kibanda, kwa mikeka ya kubeti. Ukimuuliza mtu ameliwa kiasi gani kwenye kamari, hatakwambia ukweli. Si mwongo, hajui tu. Anakumbuka siku aliyokula laki tatu. Zile buku mbili mbili zimeshamtoka kichwani. Simu inazo zote.

Hatua ya 1. Omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Kwenye daftari, upande mmoja andika kila ulichoingiza kwenye akaunti ya kubeti, upande wa pili ulichotoa kikafika mkononi. Ushindi ulioubetia humo humo usiuhesabu, hukuushika.

Hatua ya 2. Achana na jumla, tazama saa. Anayebeti kwa burudani utamkuta na buku Jumamosi, buku Jumapili, basi. Yangu, usiku mmoja wa Jumatano, ilisomeka hivi: saa 5:10, 5,000. Saa 5:31, 10,000. Saa 5:44, 20,000. Saa 6:02, mkopo wa simu 30,000. Saa 6:03, zote 30,000 zimeingia kwenye kindege, ule mchezo wa kamari wa ndege kwenye simu. Hata mechi haikuwepo! Dau linapanda, na nusu saa haipiti kati ya dau na dau: hapo unakimbiza hela iliyokwenda. Mkopo na dau vikifuatana kwa dakika moja, vipigie mstari mwekundu.

Hatua ya 3. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, umeiweka kamari kundi moja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya. Mwongozo huo unataja dalili 9. Zikitimia 4 ndani ya miezi 12, huo ni ugonjwa. Mawazo yote yapo kwenye kamari. Dau dogo halikusisimui tena. Ukiacha unapata arosto, unafokea watu. Umejaribu kupunguza ukashindwa. Unabeti ukiwa na msongo. Ukiliwa leo, kesho unarudi kurudisha. Unadanganya. Umehatarisha kazi, masomo au ndoa. Wengine wanakulipia madeni. Mimi nilikuwa nazo 7, na bado nilijiita mchambuzi wa soka.

Hatua ya 4, kwa wa nyumbani. Mcheza kamari hanuki wala hapepesuki, ndiyo maana mnachelewa. Tazama simu inayolazwa kifudifudi, ada ya mtoto ambayo kila wiki "iko njiani", na furaha ya ghafla saa nane usiku.

Maswali ya wanachama

*Mume wangu hubeti elfu mbili kila wiki, hajawahi kukopa. Niogope?*
Dada, kama ni hiyo hiyo kila wiki na anakuonyesha mkeka bila kuulizwa, hapana. Siku akianza kuuficha, rudi hatua ya 2.

*Kaka, mwezi huu mara tatu mkeka wangu wa timu 15 umechanwa na timu moja tu. Si nakaribia?*
Hukaribii popote. Timu 15 za odi 1.5, yaani kila moja inazidisha dau mara 1.5, zinazidishana kufika karibu 438. Hata kampuni isingekata chake, kwa wastani mkeka mmoja tu kati ya 438 ndio ungekubali. Kuchaniwa na timu moja ni kuliwa kama kuliwa kwingine, ila kunakuamsha hamu zaidi.

*Mdogo wangu anadaiwa na kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Nimlipie?*
Usimpe hela mkononi. Ukiamua kulipa, mlipe mdai mwenyewe, na akaunti ya kubeti ifungwe ukiona kwa macho yako. Akitamka "bora nife", usimwache peke yake usiku huo, mpeleke hospitali. Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, na hospitali za rufaa za mikoa zinapokea wagonjwa wa afya ya akili.

*Dubwi la sarafu, ile mashine ya kamari, halina taarifa ya simu. Napimaje?*
Ondoka nyumbani na hela iliyohesabiwa, urudi uhesabu tena. Fanya wiki mbili. Pia angalia kama unamjua muuza duka anayekuchenjia sarafu kuliko unavyomjua jirani yako.

*Floti ya bosi iliishaje?*
Alinikata mshahara miezi 14. Laini yangu ya pesa anakaa nayo mama mpaka leo. Nikitaka nauli, namwomba.